Mcheza Kamari na Mali Yake: Kumzuilia ni Dhulma au ni Rehema?

Swali ambalo huletwa mara kwa mara kwenye darsa, na aghlabu huletwa na mama au mke, wala si na mchezaji mwenyewe, ni hili: mtu mzima, aliyebaleghe, mwenye akili zake timamu, anaimaliza mali yake katika kamari. Je, yafaa jamaa zake wamzuilie mali hiyo? Wamfichie simu, wazuie mbuzi wasiuzwe, wampokelee ujira wake? Au mtu mzima ni mwenye mali yake, na alifanyalo ni baina yake na Mola wake?

Kwamba kamari ni haramu, hilo hatuliandikii makala. Kila mtoto aliyepita chuoni alijua. Sura ya al-Baqara katika aya ya 219, na Sura ya al-Maida katika aya za 90 na 91, zimekwisha kukata shauri. Tunaloliandikia ni lile linalokuja baada ya haramu kujulikana: mtu ajua, akiri, alia, na kesho acheza tena. Huyu tumfanyeje?

Msomaji wetu wa Mombasa au Lamu huenda akadhani ya kuwa balaa hili ni la miji mikubwa. Na tuitazame basi Kyuso, kaskazini ya Mwingi, katika kaunti ya Kitui. Ni nchi kavu. Watu wake hupanda mtama na ndengu, ambazo pwani twaziita pojo, na hufuga mbuzi, na hutundika mizinga ya nyuki. Waislamu ni wachache huko, wamechanganyika na jirani zao katika soko moja na shida moja. Fedha ya mkulima haiji kila mwezi kama mshahara wa karani. Huja kwa mkupuo, ndengu zinapouzwa, kisha hukatika mpaka mvua nyingine. Na mtu apataye fedha kwa mkupuo ndiye windo jema la kamari, kwani siku moja hujiona ana nyingi kuliko mahitaji ya siku hiyo, akasahau kuwa ile ni chakula cha miezi sita.

Zamani mcheza kamari alihitaji miguu ya kumpeleka. Nyumba za kamari zilikuwa Nairobi na Mombasa, na mtu wa Kyuso hakuwa na nauli wala nguo za kuingilia. Kisha zikaja zile mashine za kutumbukiza sarafu za shilingi 20, zikawekwa madukani mpaka vijijini, hata watoto wa shule wakazizoea. Mwaka 2018 serikali ilizikamata nyingi na kuziteketeza kwa moto. Watu walishangilia moto ule, na kweli ulistahili kushangiliwa. Lakini wakati mashine zinaungua, kamari ilikuwa imekwisha kuhamia mahali ambapo hakuna askari awezaye kupachoma. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na faida yake kwa nchi kavu kama hii haina mfano. Makampuni ya kubashiri mipira yakashika kasi tangu mwaka 2014 kwa kupitia njia hiyo hiyo ya fedha. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomkopesha mtu papo hapo akaunti yake inapokuwa tupu. Hivyo benki, mkopeshaji na nyumba ya kamari zimekaa pamoja katika mfuko mmoja wa suruali. Mnunuzi wa ndengu humlipa mkulima kwa simu, na kabla mkulima hajafika nyumbani, fedha zaweza kuwa zimekwisha njiani bila ya mtu kumwona ameingia mlango wowote.

Uchunguzi uliofanywa na GeoPoll mwaka 2017 ulikuta kuwa asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa walikwisha kubeti angalau mara moja. Mwaka huo huo mtu mmoja alishinda shilingi milioni 221, na picha yake ikaingia kila kijiji. Serikali nayo haikulala moja kwa moja. Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za makampuni 27. Mwisho wa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti ya mwaka huo ikatiwa sahihi sheria mpya ya kusimamia kamari mahali pa ile ya mwaka 1966. Hayo ni mema. Lakini serikali yenyewe hula kodi katika mchezo huu, na mlinzi alaye sehemu ya windo hatuwezi kumwachia ulinzi wote.

Wapo wanaotwambia: mbona kamari ina faida? Makampuni haya yamefadhili timu, yamewapa vijana viatu na viwanja. Mwaka 2017 SportPesa iliandika jina lake juu ya fulana za Everton ya Uingereza, na Julai ya mwaka huo Everton ikaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, iliyokuwa ikivaa jina lile lile. Watu wakasema, lini tena tungeiona Everton kwetu? Hoja hii si mpya. Waarabu wa Jahiliyya walikuwa wakichinja ngamia, wakaigawa nyama mafungu, wakatikisa mishale kumi ndani ya mfuko: saba ina mafungu, mitatu mitupu. Aliyetokewa na mshale mtupu alilipa thamani ya ngamia, na washindi wakawapa maskini ile nyama, wakajifakharisha kwa ukarimu wao na kumcheka asiyeingia. Hayo ndiyo maisiri, na maskini walishiba kweli. Ile aya ya al-Baqara haikukanusha faida hiyo. Ilikiri kuwa ipo, kisha ikaeleza kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko faida. Basi fulana za Everton ni nyama ya ngamia.

Na wapo wenye hoja nzito zaidi, nayo twaisikia sana huko nchi kavu. Husema: mkulima wa Kyuso naye acheza kamari. Hupanda ndengu Oktoba hajui kama mvua itakuja. Na baina ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilipotea mfululizo katika pembe hii ya Afrika, watu wakapoteza mbegu, mifugo na jasho. Tofauti ni nini baina ya kumtumainia mvua na kumtumainia mfungaji wa mabao? Jawabu ni kuwa kutojua mwisho wa jambo si kosa. Ndiyo hali ya viumbe wote. Mvua ikinyesha juu ya shamba langu, ndengu zangu hazikutoka katika ghala la jirani yangu. Sote twaweza kuvuna, na chakula kimezidi duniani. Katika kamari hakuna kilichozidi. Shilingi milioni 221 za yule mmoja zilikuwa mifukoni mwa watu maelfu kwa maelfu, na kampuni ilikwisha kutoa fungu lake kabla yeye hajaguswa. Tena mkulima huongeza matumaini yake kwa kazi: huchimba mitaro, hukinga maji, huchagua mbegu. Mchezaji hujidanganya kuwa naye hufanya kazi anaposoma habari za timu usiku kucha.

Hebu tufanye hesabu, kwani hesabu haina madhehebu. Katika lile fungu kubwa waliitalo jakipoti, mtu hubashiri michezo 17, na kila mchezo una njia tatu: timu hii, timu ile, au sare. Tatu ikizidishwa kwa tatu hivyo mara 17 huzaa njia 129,140,163. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta Wakenya milioni 47.6. Maana yake, lau kila Mkenya, pamoja na mtoto aliye mgongoni, angejaza ubashiri wake mbali na wa mwenziwe, zisingejazwa hata nusu ya njia hizo. Ni kweli kuwa timu kubwa hushinda mara nyingi kuliko ndogo, kwa hiyo njia zote si sawa. Lakini anayebashiri timu kubwa zote hufuatana na kundi zima, na siku hiyo hata zawadi hugawanywa. (Vijana huuita ubashiri huo “mkeka”. Neno hilo hutuuma sisi tuliosomea juzuu Amma juu ya mkeka, lakini na tuliache.)

Jakipoti huja mara moja kwa juma. Kinachomaliza watu siku hizi ni ile michezo ya haraka, kama uitwao Aviator, ambapo ndege hupaa katika kioo cha simu, fedha hukua kadiri inavyopaa, na asiyewahi kutoa kabla haijatoweka hupoteza. Duru moja aghlabu haichukui hata dakika nzima. Tuseme mchezo wa namna hii unarudisha shilingi 97 katika kila 100, nao huonekana ni ukarimu. Mwenye shilingi 1,000 akicheza duru 60 kwa saa, kila duru shilingi 100, amezungusha shilingi 6,000, na kwa wastani ameacha 180. Masaa matano ya usiku mmoja ni 900. Hakuna mtu aliyemwibia. Zile shilingi tatu ndizo zilizorudi mara mia tatu.

Sasa tuje kwenye mas'ala yetu. Je, huyu ni mwenye dhambi au ni mgonjwa?

Waganga wa akili wa Marekani waliitia kamari iliyompinda mtu katika kitabu chao cha maradhi mwaka 1980, na mwaka 2013 wakaihamisha wakaiweka pamoja na ulevi na madawa ya kulevya, kwa kuona kuwa ubongo huathirika kwa namna inayofanana. Shirika la Afya Duniani nalo limeihesabu kuwa ni maradhi. Baadhi ya wazee wetu huchukizwa na maneno haya. Husema ni hila ya kumwondolea mtu lawama. Tungewaomba wazingatie jambo moja. Wako wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya kutetemeka, ambao hupewa dawa zinazoamsha katika ubongo kazi ya ile kemikali iitwayo dopamini. Madaktari waliona kuwa baadhi yao, watu wazima wenye haya zao ambao hawakuwa wachezaji, wakaanza kucheza kamari kwa wazimu wakimeza dawa hizo. Na dawa ilipopunguzwa au kuondolewa, wengi wao wakaacha. Mtu na aseme ni dhambi ya nani hiyo.

Hatusemi kuwa kijana wa sokoni ni kama mgonjwa huyo. Yeye alianza kwa hiari yake, na kwa shilingi ya kwanza ataulizwa. Walakini shilingi ya kwanza na ya elfu hazitoki katika mkono mmoja. Aliyejirusha kisimani kwa upumbavu wake ana lawama ya kujirusha. Lakini sasa yumo kisimani, na kumsomea hukumu ya kujirusha hakumtoi. Dhambi na maradhi si majina mawili yanayogombania mtu mmoja. Mtu huweza kuwa navyo vyote viwili, na kila kimoja kina haki yake: dhambi ina toba, na maradhi yana tiba.

Tena katika kumlaani kuna madhara ambayo wahubiri wetu hawayatazami. Mlevi hunuka, mcheza kamari hanuki. Husimama safu ya mbele, nguo safi, na simu iko mfukoni imezimwa sauti. Maradhi yake hukaa kwa siri, na kila hotuba ya ukali isiyokuwa na mlango wa kutokea humwongezea siri. Twajua katika hadithi sahihi kuwa mtu mmoja aliletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi, akaadhibiwa, na aliyekuwapo alipomlaani, Mtume alimkataza, akamshuhudia mtu yule kuwa ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu ilibaki, na laana ikaondoshwa.

Basi atajulikanaje asiyenuka? Umaskini peke yake si alama. Kyuso maskini ni wengi na wachezaji ni baadhi yao. Alama ni siri juu ya fedha. Mtu ana laini mbili za simu na moja haijui mkewe. Simu hulala chini ya mto. Anakopa, na kila anayemkopa huambiwa sababu nyingine: kwa huyu ni dawa ya mtoto, kwa yule ni gurudumu la pikipiki. Mbuzi huuzwa na bei yake haionekani. Jumamosi na Jumapili furaha na hasira zake hufuata mipira, si mambo ya nyumba. Na alama iliyo kubwa kuliko zote ni kuirudia hasara: aliyepoteza 500 hachezi tena kwa kutaka kushinda, hucheza kwa kutaka kuzirudisha zile 500, kisha azirudishe zile zilizopotea katika kuzirudisha. Wataalamu wana maswali mawili mafupi ya kumpima mtu. La kwanza, umewahi kuona lazima uongeze fedha unazobetia? La pili, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu juu ya kiasi unachocheza? Aliyejibu ndiyo hata moja, yafaa atazamwe zaidi. Twaona lile la pili ndilo zito. Wala wanawake wasidhaniwe kuwa wameepukana na haya. Simu haiulizi ni mkono wa nani, na wapo waliobetia fedha za chama kilichowaamini.

Akishajulikana, ndipo linapokuja lile swali la mama: tumzuilie mali yake?

Wanavyuoni walikwisha kuligombania swali hili kabla ya simu kuwako kwa miaka elfu na zaidi. Imamu Shafii, na Imamu Malik na Imamu Ahmad pamoja naye, wameona kuwa mtu mzima aliye safihi, yaani mharibifu wa mali asiyeweza kuisimamia, kadhi humfungia asitumie mali yake. Hata wanafunzi wakubwa wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, wameafikiana nao. Lakini Imamu Abu Hanifa mwenyewe, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra (767), alikataa. Kwake yeye mtu huru mwenye akili akifika miaka 25 hupewa mali yake ijapokuwa ni mharibifu, kwani kumnyang'anya uwezo wa kutenda katika mali yake ni kumwondolea ubinadamu wake na kumfanya kama mnyama, na hasara hiyo ni kubwa kuliko hasara ya mali.

Sisi huku ni watu wa Shafii, na wengi wetu tukilisoma neno la Abu Hanifa hulipita haraka. Haifai kulipita. Ukiwatazama watu waliofungiwa kwa nguvu utaiona haki yake. Mtu mzima mwenye ndevu, mkewe humpa shilingi 50 ya chai mbele ya watoto. Huyo hajapona, amedhalilishwa, na aliyedhalilishwa hutafuta mahali pa kujiona mkubwa tena, na mahali penyewe apajua. Huweka rehani kitambulisho chake, hukopa kwa jina la mwingine, hujifunza uwongo mpya. Kwa upande wa pili, kumwachia kwa jina la heshima ni kuwaacha watoto wake na njaa. Sura ya an-Nisaa katika aya ya 5 imekataza wasiojimudu kukabidhiwa mali iliyojaaliwa kuwa nguzo ya maisha, ikataka walishwe na wavishwe kutokana nayo, na wasemezwe kwa wema. Mambo matatu kwa pamoja: asipewe fedha mkononi, asinyimwe mahitaji, asitukanwe. Nyumba nyingi hushika la kwanza na kulitupa la tatu.

Na hata tukitaka kuifuata Shafii kwa ukamilifu, kadhi wa kuhukumu hatunaye. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 170, imeyapa mahakama ya kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kumfungia mtu mzima mali yake kwa sababu ya kubeti hakumo. Anayemfungia mwenziwe leo bila ya ridhaa yake hufanya hivyo kwa nguvu za mikono tu.

Rai yetu ni kuwa kufuli nzuri ni ile anayojifungia mtu mwenyewe. Mcheza kamari si mtu mmoja saa zote. Yuko yule wa saa nne usiku, ambaye hashauriki. Na yuko yule wa baada ya alfajiri, mwenye majuto, ajuaye kila kitu tunachotaka kumwambia. Yule wa alfajiri ana haki ya kumfunga yule wa usiku, kwani ni nafsi yake. Huko si kuondolewa ubinadamu. Binadamu ndiye pekee awezaye kulijua udhaifu wake kabla haujafika na kuuwekea ukuta, mnyama hawezi. Hapa hofu ya Abu Hanifa imeheshimiwa, na dawa ya Shafii imetumika.

Kwa vitendo, mtu katika saa yake ya utulivu hujitoa katika Fuliza na mikopo mingine ya simu. Huyaomba makampuni anayochezea wamfungie akaunti; makampuni yenye leseni huwa na njia ya mchezaji kujifungia mwenyewe. Huzuia jumbe zao za matangazo, maana hizo huja wakati ule ule anapokuwa dhaifu. Fedha za ndengu humwomba mnunuzi azipeleke kwa mtu wa amana aliyemchagua yeye, si waliyemchagua wao, na ada ya shule hulipwa shuleni moja kwa moja. Haya yote huandikwa kwa muda maalumu, tuseme miezi sita, kisha hutazamwa upya. Kwani kifungo kisicho na mwisho hata mwenye kukitaka hukichoka.

Na madeni? Hapa ndipo wema wa jamaa huharibu mambo. Baba huuza ng'ombe akalipa madeni yote kwa siku moja, na mwana akiamka yu safi, na yote mabaya yamefutika, hata zile sababu za kuogopa. Baada ya mwezi amerudi. Madaktari wameliona hili, na mafakihi wetu wameliona kabla yao. Wenye madeni ni katika mafungu manane ya zaka, katika Sura ya at-Tawba aya ya 60. Lakini aliyekopa kwa maasi je? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho kimesomeshwa pwani yetu vizazi kwa vizazi, ameipa nguvu kauli kuwa hupewa akitubia. Basi toba yake tuijueje? Machozi si dalili. Huyu alilia pia alipokuwa akikopa. Twaona dalili ni mbili: kutaja madeni yake yote bila ya kuficha hata lile dogo la aibu, na kuikabidhi ile kufuli tuliyoisema. Hapo alipiwe, nako ni kwa idhini yake apewe mwenye kudai, si yeye mkononi, na kwa mafungu mafungu, huku naye akitoa sehemu yake kutoka katika kazi yake. Wakamba wana mwethya, desturi ya watu kukusanyika kumsaidia mwenzao kazi isiyowezekana kwa mtu mmoja. Na mwenye shamba katika mwethya hakai kivulini akitazama wenziwe wakilima.

Atarudi kucheza mara nyingine? Huenda. Wengi huanguka kabla ya kusimama. Anayemtegemea mtu huyu kwa sharti la kutoanguka kabisa atakuwa amemfundisha tena kuficha. Kinachoangaliwa ni kama alisema mwenyewe alipoanguka, au akakamatwa.

Wala jamaa na msikiti wasijione wanatosha. Tiba ya mazungumzo, ambayo mtaalamu hukaa na mgonjwa akamfundisha kuijua saa ya hatari na kuikanusha ile dhana ya kurudisha hasara, imesaidia watu wengi. Mtu wa Kyuso na aanze kwa daktari wa hospitali iliyo karibu naye, ataje kamari kwa jina lake, asiseme ni kichwa au usingizi, na aulize atapelekwa wapi. Mathari, Nairobi, ndiyo hospitali kuu ya nchi kwa maradhi ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu ya bure, 1199, ambayo mtu huweza kusemezana nayo bila ya kujulikana na mtaa. Iko pia jumuiya ya Gamblers Anonymous, iliyoanzia Los Angeles mwaka 1957, ambamo walioacha huwashika mkono wanaotaka kuacha. Wala hawaulizi dini ya mtu.

Liko jambo moja ambalo tungependa lisomwe kwa sauti nyumbani. Mwenye deni la kamari huweza kufika mahali akaona kufa ni njia ya kuwaondolea watu wake mzigo. Ukisikia maneno hayo, ama hata ukiyahisi, muulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo, humpunguzia upweke. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kunyunyizia mimea zilizo karibu naye, na uite msaada. Zamani watu waliogopa kumpeleka hospitali aliyejaribu kujiua kwa kuhofia polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya makosa kilimfanya kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na katiba. Hofu hiyo isimzuie mtu tena.

Limebaki la mtu wa amana. Wengi humchagua mke, kwani yuko karibu na ndiye mwenye uchungu zaidi. Twaona asiwe peke yake, kwa kuwa usiku mume atakapozidai fedha, atamdai aliye chumba kimoja naye. Na awe mtu wa pili, mjomba au mzee aaminikaye wa sokoni, ambaye mlango wake hufungwa magharibi. Fedha zisitoke ila kwa kauli ya wote wawili, na kila zinapotoka ziandikwe katika daftari ambalo mwenye mali mwenyewe ana haki ya kulifungua na kulisoma siku yoyote.